Kadi Moja, Namba Moja

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini mama anaamka vizuri na goti limetulia, na shemeji bado anagombana na magari ya watu huko gereji. Mimi mzima. Ofisini kwetu tunakula tukiwa tumesimama na tunalala tukiwa tumekaa, lakini mwambie mama napumzika vya kutosha, asije akapanda basi kunifuata.

Najua umenikasirikia. Ulinipigia mara nne wiki iliyopita, na mara zote nne nikakujibu niko kikaoni, nitakupigia. Uliposema tuandikiane barua kwa sababu barua haikatizwi katikati nilicheka, halafu nikaona haya. Basi hii hapa. Mwandiko wangu ni ule ule wa kuku, vumilia.

Sasa lililonifanya niandike. Unajua namwandikia hotuba Mhandisi. Kwenye mchujo wa chama wamebaki wawili, yeye na Daktari, na atakayepita mwezi wa saba ndiye mgombea wetu wa urais. Mwezi wa tano kuna mdahalo kwenye televisheni, na swali moja litakuwa mabadiliko ya tabianchi. Daktari atakuja na takwimu za wageni, barafu inayeyuka sijui wapi, bahari inapanda sijui kwa nani. Mimi nataka mvua ya kwetu. Ni nani mwingine nchi hii amepima mvua kwenye kituo kimoja, kila asubuhi saa tatu kamili, miaka ishirini na saba? Naomba unakili daftari lako, jumla ya kila mwaka.

Mimi mwenyewe naamini hali ya hewa inabadilika, hilo sibishi. Lakini tuambiane ukweli dada: mtu aliyepanga foleni ya maji tangu alfajiri hapigi kura kwa ajili ya tabianchi. Anapiga kura kwa ajili ya foleni. Kazi yangu ni kumwonyesha kwamba ni jambo lile lile, na bila namba zako nitabaki kupiga domo tu.

Mdogo wako,
Wakili


16 Februari

Wakili,

Marahaba. Mama hajambo, goti ndilo linalomsumbua akipanda ngazi za zahanati. Barua yako nimemsomea mara mbili. Pale pa kulala mkiwa mmekaa nilipata akili nikaparuka, lakini mara ya pili nilisahau, kwa hiyo jitayarishe kutumiwa mto. Anamwambia kila mtu dukani kwamba mwanawe ndiye anayemfundisha Mhandisi kuongea. Baba alikupa hilo jina la Wakili ukiwa na miaka sita kwa sababu ulibishia hata saa ya kulala. Leo unalipwa kwa ubishi huo huo. Hongera.

Namba hizo ndani ya bahasha, karatasi nne. Nimekaa siku sita baada ya kazi nikinakili, na shemeji yako amekula ugali wa jana mara tatu bila kununa, mshukuru.

Sasa soma hapa taratibu, usiruke kama kawaida yako. Kuna safu mbili. Ya kwanza ni milimita za mwaka mzima. Ya pili ni siku ngapi mvua ilinyesha. Usiichukue moja ukaiacha nyingine. Miaka kumi ya kwanza wastani ni milimita 1,012. Miaka kumi ya mwisho ni 1,009. Mtu akiishia hapo atasema hakuna kilichobadilika, na mimi nimepoteza ujana wangu kwenye bustani ya kituo nikimwaga maji kwenye mtungi. Angalia safu ya pili. Zamani mvua hiyo ilinyesha kwa siku 118. Sasa inanyesha kwa siku 71. Maji ni yale yale, ila ardhi ilikuwa inapewa muda wa kuyanywa, sasa inamwagiwa kwa ndoo. Habari yote ya mabadiliko iko kwenye siku, haiko kwenye jumla.

Nimewasikiliza hao wakubwa wako redioni. Daktari anaongea ya miaka mia ijayo, utadhani ana miadi. Mhandisi anaongea ya miaka hamsini. Mimi nina shida ya mwezi wa nne mwaka huu. Unalikumbuka kalavati lililo chini ya barabara kuu, pale tulipokuwa tunajificha? Upana wake sentimita sitini, na maji yote ya mji wa juu yanapita hapo hapo. Yakikosa nafasi yanashuka mtaa wa chini, na nyumba ya kwanza mtaa wa chini unaijua ni ya nani. Mwaka huu kamati ya ujenzi ya halmashauri inaamua kama litapanuliwa. Nataka sentensi moja tu ya Mhandisi wako kwenye televisheni: kwamba mvua sasa inakuja kwa kishindo na makalavati ya zamani hayatoshi. Akisema yeye, hawa wa huku wataogopa kukataa. Ndiyo malipo yangu.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa safarini wiki tatu, miji kumi na moja, kila mji wajumbe wanataka kushikwa mkono na kuulizwa habari za watoto. Mto wa mama umefika. Umekuwa gumzo la ofisi, mshauri mkuu wa kampeni amejaribu kuuiba.

Karatasi zako nimempa Mhandisi, zote nne, mkononi. Alitikisa kichwa akasema, "Huyu dada yako ni hazina." Nikavimba kichwa siku nzima.

Nikueleze tunavyofanya kazi, maana nimebuni utaratibu ambao sasa watu wananiiga. Mhandisi ni mtu makini lakini ukimpa karatasi ndefu anapotea mstari, anarudia aya, anaanza kutoa jasho. Kwa hiyo nimekata kadi ngumu, saizi ya kiganja. Kadi moja, namba moja. Akiishika tu anajua la kusema. Tangu tuanze hivyo hajakwama hata mara moja. Namba yako imepata kadi yake, na iko juu ya mafungu yote.

La kalavati nimelisikia. Nitaangalia linavyoweza kuingia. Wasalimie wote.

Wakili


19 Aprili

Wakili,

Sina salamu nyingi leo. Sote tuko hai, mama pia yuko hai, hilo ndilo la kwanza ujue.

Juzi mchana mvua ilianza saa saba na nusu na ikaisha kabla ya saa tisa na robo. Kesho yake asubuhi nilipokwenda kupima, mtungi wangu wa milimita ishirini na tano niliujaza mara tatu, na mara ya nne ukasimama kwenye kumi na tisa. Tisini na nne. Kwa miaka yangu ya kwanza kazini hiyo ilikuwa mvua ya mwezi. Nikaandika tisini na nne imepinda, na mimi siandiki namba zilizopinda.

Mchana huo nilikuwa nimekimbia kwa mama, kiatu kimoja nikakiacha njiani. Maji yalikuwa yamefika magotini sebuleni. Nilimkuta amekaa juu ya meza ya kulia, mkoba mapajani, ametulia tuli kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Godoro lilikuwa linaelea. Unga, nguo, vyeti vyako vya shule, vyote maji. Nikamwambia hapa hulali tena, twende kwangu. Akanijibu, "Nikihama, Wakili akija atafikia wapi?" Nilitaka kupiga kelele. Nilipiga, kwa kweli. Majirani walisikia.

Sasa shemeji yako amemwinulia kitanda juu ya matofali, na anaishi huko juu kama malkia.

Kinachoniudhi hasa ni hiki. Mwezi huu, kabla ya siku ile na baada yake, halijadondoka tone. Mwisho wa mwezi nitajumlisha, na Aprili itaonekana ya kawaida kabisa, tena imepungua kidogo. Mtu wa ofisini ataipitisha macho na kuendelea na chai yake. Ndiyo maana nilikuambia siku, Wakili. Siku.

Mdahalo ni mwezi ujao. Ile sentensi siiombi tena kama malipo. Nakuomba kwa ajili ya mama.

Dada yako


31 Mei

Wakili,

Barua yangu ya Aprili hukuijibu. Nikasema labda posta. Nikasema labda safari. Nilikutetea mpaka juzi jioni.

Tuliwasha televisheni mapema. Mama alivaa nguo ya kutokea, kana kwamba Mhandisi naye anatuona. Shemeji yako alifunga gereji. Swali la tabianchi likaulizwa. Daktari akaongea, akapitiliza muda, akakatwa. Halafu Mhandisi wako akatoa kadi mfukoni, akainyanyua juu, akatabasamu.

"Kuna mama mmoja, mtumishi wa umma," akasema, "amepima mvua miaka ishirini na saba bila kukosa siku. Mwanzo alipima milimita elfu moja na kumi na mbili kwa mwaka. Leo, elfu moja na tisa. Tofauti ni milimita tatu! Ndugu zangu, milimita tatu ndizo tunazotishiwa nazo mpaka tufunge machimbo ya makaa?"

Ukumbi ukacheka. Mama akapiga makofi. Alisikia miaka ishirini na saba akajua ni mimi, akanigeukia na meno yote nje: "Wamekutaja!" Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi nikihesabu pumzi.

Mmenichukulia kazi ya maisha yangu mkaigeuza kichekesho. Daktari simpendi, maneno yake mengi sana, lakini yeye angalau hakuniibia. Kesho yake kazini vijana wa ofisi walinipokea kwa "Mama Milimita Tatu". Nimeitwa hivyo jana kutwa na leo pia, na nimechoka.

Ulisema umempa karatasi zote nne. Hebu nieleze.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye korido na nikairudisha mfukoni haraka, uso wangu ulikuwa haufai kuonekana. Ya Aprili niliipata. Sikujibu kwa sababu sikujua nijibu nini. Mpe mama pole. Nimetuma godoro kwa basi, litakuwa limefika.

Naomba unisikilize kabla hujanihukumu. Siku tatu kabla ya mdahalo mshauri mkuu aliingia na orodha ya wajumbe. Kanda ya machimbo ya makaa ya mawe ina wajumbe mia mbili na kumi, na bila hao hatupiti. Watu wale ukiwatajia tabianchi wanasikia neno moja tu, kufunga. Na si kwamba ni wajinga, dada. Mimi nimekaa nao. Baba anatoka chini ya ardhi mweusi tii, ana watoto wanne shuleni, halafu mtu wa suti anamwambia kazi yako inaharibu dunia na hamwambii kesho ale nini. Ningekuwa yeye na mimi ningezomea. Isitoshe Daktari ameibeba tabianchi yote mabegani, hakutuachia hata kipande. Ikaamuliwa Mhandisi ashike upande wa pili. Yeye mwenyewe hakufurahi. Mimi ni mwandishi wa hotuba tu, siongozi kampeni.

Na fikiria hivi: akipita, akawa rais, anaweza kujenga makalavati elfu moja. Asipopita hajengi hata moja. Kwanza apite. Ukiwa ndani ndipo unaweza kufanya la maana.

Wakili


26 Juni

Wakili,

Godoro limefika, ahsante, limewekwa juu ya matofali.

Jana kamati ya ujenzi imekaa. Injinia wa halmashauri alisoma maneno ya Mhandisi wako kutoka gazetini, neno kwa neno. Milimita tatu. Akasema kama mvua haijaongezeka, bomba lililotosha zamani litatosha sasa. Kalavati limetolewa kwenye orodha. Niliposimama kusema namba hizo ni zangu na zimekatwa, mkuu wangu wa kituo akanivuta chini. Leo asubuhi nimekuta barua ya onyo mezani: mtumishi haruhusiwi kuzungumzia takwimu za kituo hadharani wakati wa uchaguzi. Takwimu zangu! Nimekatazwa kuzisema na mtu ambaye hajawahi kulowa.

Umeandika kurasa mbili za machimbo, wajumbe na mshauri mkuu. Ninaloulizia hukuligusa. Safu ya siku ilitolewa na nani?

Dada yako


20 Julai

Dada,

Shikamoo. Utakuwa umesikia. Mhandisi amepita kwa tofauti ya kura sitini na tatu. Kanda ya machimbo ilimpa karibu zote. Watu walinibeba juu juu ofisini, nami nikawa natafuta mlango kwa macho.

Nimeianza barua hii mara tano. Ya kwanza ilikuwa ndefu na nzuri mno, ungeichukia.

Safu ya siku niliitoa mimi. Wala si mwezi wa tano. Niliitoa Machi, wiki ile ile niliyoipata, Mhandisi akiwa bado upande wako. Kadi moja, namba moja. Safu mbili hazikuingia, nikazikunja karatasi zako nikaziweka kwenye droo. Mhandisi hakuwahi kuziona. "Huyu dada yako ni hazina" niliitunga mimi, ili ufurahi. Nilidhani jumla inatosha, kwamba ni namba kubwa na ina uzito. Sikusoma barua yako taratibu kama ulivyoniambia. Niliruka.

Halafu tulipogeuza msimamo, mshauri mkuu aliuliza kama kuna takwimu yoyote ya nyumbani inayoonyesha mvua haijabadilika. Kadi yako ilikuwa mezani, imeshaandikwa. Nikaishika mkononi labda dakika kumi. Safari hii nilikuwa nimeshaisoma barua yako ya Aprili, nilijua maji yalifika wapi na mama alikaa wapi. Nikaiweka kwenye fungu. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kuonekana mtu asiye na kitu cha kutoa.

Siombi unisamehe kwa barua. Niambie tu la kufanya.

Wakili


3 Agosti

Wakili,

Nilijua. Nilijua tangu uliponiandikia habari za kadi, na nikajifanya sijui, kwa sababu kukuuliza mapema kungemaanisha nimekuona ulivyo. Kwa hiyo na mimi nina langu.

Nimekasirika kiasi kwamba nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Shemeji yako ananipitia mbali. Lakini hasira haipanui bomba, basi sikiliza.

Tarehe 23 mwezi huu, Jumanne, saa nne asubuhi, kamati inasikiliza rufaa za wakazi, ndiyo mara ya mwisho kabla ya bajeti kufungwa. Kila nyumba inapewa msemaji mmoja, dakika tatu. Lazima awe mwenye nyumba au mtoto wake. Mimi siwezi, nina onyo, nikifungua mdomo nimefukuzwa na pensheni yangu imekwenda. Mama nilimwomba yeye. Akakataa kata kata, akasema kuongea ni kazi ya Wakili, na akakuandikisha wewe kwenye fomu kabla sijamaliza kumweleza.

Na kwa kweli afadhali wewe. Ukisimama ukasema, "Ile hotuba niliiandika mimi, na namba hii niliikata mimi, na iliyobaki ni hii hapa," hakuna injinia atakayebisha. Mtu mwingine wa kuyasema hayo hayupo. Nakupelekea nakala mpya, karatasi nne, safu zote mbili. Safari hii zisome.

Mvua kubwa zinaanza mwezi wa kumi.

Dada yako


12 Agosti

Dada,

Nakuja. Nimeomba ruhusa nimepewa, tiketi nimekata ya Jumatatu asubuhi, nitafika jioni nilale kwa mama, juu ya matofali hayo hayo.

Nimezisoma karatasi zote nne, mstari kwa mstari. Nimeandika ya kusema na nimejipima kwa saa: dakika mbili na sekunde hamsini. Nimeanza na jina langu na kazi yangu. Mshauri mkuu akisikia nimekwisha, na iwe hivyo. Ni mara ya kwanza mwaka huu nimeandika kitu kisicho na hila ndani yake, na nimelala usiku mzima.

Mwambie mama.

Wakili


27 Agosti

Wakili,

Mama hajambo. Shemeji yako hajambo. Mimi niko kazini, leo hakuna mvua.

Sikuulizi kilichokuzuia. Jumanne jioni tulikuona kwenye taarifa ya habari, kule machimboni, nyuma ya bega la Mhandisi, umevaa kofia ya wachimbaji. Simu yako ilikuwa imezimwa tangu Jumapili. Ungeniambia hata Jumatatu kwamba huji, ningemfundisha mtu mwingine. Ningemwandikia mama sentensi mbili kwenye kiganja.

Jumatatu alikupikia. Basi lilipoingia alisimama kituoni mpaka utingo akafunga mlango wa mizigo. Akasema labda umepata la asubuhi. Jumanne tukaenda halmashauri tangu saa mbili. Alikuwekea kiti kati yetu na akaweka mkoba wake juu yake, watu wakawa wanasimama ukutani na hakumpa mtu.

Wakaita nyumba yetu saa nne na dakika arobaini. Wakaita mara ya pili. Mara ya tatu mwenyekiti akasema mwenye nyumba akiwepo anaweza kuongea badala ya msemaji, na mama akasimama. Nikamshukuru Mungu. Nikajisemea sasa itasikika, huyu ndiye aliyekaa juu ya meza.

Akasema, "Waheshimiwa, mwanangu yuko njiani."

Nikasubiri aendelee. Akaendelea hivi: kwamba mabasi siku hizi yanakawia. Kwamba wewe huchelewi kusudi, hata shule ulikuwa wa kwanza kufika. Kwamba una kazi kubwa na watu wengi wanakutegemea. Kwamba unajua kuongea kuliko sisi wote, na wakikusikia wataelewa, kwa hiyo anawaomba uvumilivu kidogo tu. Nilimvuta nguo kwa nyuma nikamnong'oneza: mama, sema kalavati, sema maji yalifika magotini. Akausukuma mkono wangu. Nilikuwa na karatasi zote nne mapajani na nimefungwa mdomo. Injinia alikuwa anaangalia saa. Mama akawaeleza ulivyokuwa unawatetea watoto wenzako mtaani ukiwa na miaka sita. Kuna waliotabasamu.

Mwenyekiti akagonga meza. Karani akaandika mbele ya nyumba yetu, nikaona kwa macho yangu, "Hakuna hoja iliyotolewa," na akafungua ukurasa mwingine.

"Mama, kaa," mwenyekiti akamwambia, kwa upole kabisa. "Dakika tatu zimekwisha."

"Sawa," mama akajibu. "Hizo zilikuwa zangu. Zake mwekeeni, akifika mumpe."

Dada yako